Samatta apewe jiji? Jiji lipi?

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: je, Jiji la Dar es Salaam limtunuku Mbwana Samatta tuzo ya heshima, kama miji ya Ulaya inavyowatunuku wanasoka waliozaliwa humo? Mkataka ndiyo au hapana, na sababu. Naanza na hapana, na sababu zangu hazimhusu Samatta hata kidogo.

Kama anastahili, hata vijiweni ubishi huo umekwisha. Mtoto wa Mbagala, kapita African Lyon na Simba, kaenda Lubumbashi, akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika 2015 na TP Mazembe akiwa mfungaji bora. Januari 2016 akatajwa mchezaji bora kati ya wanaocheza ndani ya bara. Kisha Genk ya Ubelgiji, kisha Aston Villa mwaka 2020, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Chanda chema huvikwa pete, sawa. Wasiwasi wangu uko kwa sonara.

Maana hilo "Jiji la Dar es Salaam" ni nani? Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa, Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Tangu siku hiyo, kisheria, Jiji ni ile Ilala: Kariakoo, Posta, Buguruni, Gongo la Mboto. Mbagala iko Manispaa ya Temeke, yenye meya wake, baraza lake na mkurugenzi wake. Meya wa Jiji akimvisha Samatta nishani atakuwa anamvisha mtoto wa halmashauri ya jirani. Mkuu wa Mkoa anaweza kusema anasimama kwa niaba ya wote, lakini yeye ni mteule wa Rais, hana madiwani nyuma yake. Tuzo ya mkoa inaweza kuwa nzuri sana, ila hiyo itakuwa imetoka serikalini, wakazi hawakuulizwa.

Mtasema huo ni urasimu. Basi tukumbuke Ubungo.

Juni 2018 Victor Wanyama, nahodha wa Kenya na kiungo wa Tottenham, alikuwa Dar. Meya wa Ubungo wa wakati ule, Boniface Jacob, akatangaza barabara moja ya manispaa hiyo iitwe kwa jina la Wanyama. Kibao kikasimikwa, picha zikasambaa. Haikufika wiki, kibao hakipo. Ikasemwa utaratibu haukufuatwa. Mtandaoni Watanzania wakawa na swali moja tu: kwa nini si Samatta?

Lilikuwa swali la haki, lakini lilifunika lililo kubwa zaidi, la nani alitakiwa kuamua. Jina la barabara linatakiwa lianzie chini. Mkutano mkuu wa mtaa unapendekeza, na muhtasari unaandikwa ukiwa na mahudhurio na sahihi. Muhtasari unapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako mwenyekiti ni diwani. Unakwenda Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, ndipo unafika Baraza la Madiwani. Meya ni mwenyekiti wa baraza hilo, na kauli yake mbele ya kamera si azimio. Azimio ni lile aliloandika katibu wa kikao, ambaye ni mkurugenzi, na likathibitishwa kwenye kikao kinachofuata. Likikosekana hilo, kibao ni bati lenye maandishi, na anayeking'oa hahitaji hata kujieleza sana.

Halafu kuna mwenye barabara. Tangu Julai 2017 barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na zile kuu na za mkoa ziko TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Anayechimba shimo kwenye hifadhi ya barabara bila barua ya wakala anasimika nguzo yake kwenye eneo la mwenzake. Watu wengi hudhani barabara iliyo ndani ya manispaa ni ya manispaa kwa kila kitu. Sivyo.

Mtego mwingine, ambao sioni ukitajwa, ni kalenda. Mchezaji wa Ulaya anapatikana nyumbani Juni, pengine na siku chache za mapumziko ya timu za taifa, ambazo anazimalizia kambini. Baraza la madiwani hukaa kikao cha kawaida mara moja kila robo ya mwaka. Juni ni mwezi wa kufunga mwaka wa fedha, wakuu wa idara wote wanahangaika na hesabu za tarehe 30. Na ukiwa mwaka wa uchaguzi mkuu, mabaraza huvunjwa wakati kama huo, kwa hiyo hakuna hata wa kupitisha azimio. Nyota anatua uwanja wa ndege, kila kiongozi anataka awe wa kwanza kupiga naye picha, na karatasi hazipo. Hapo ndipo watu hukata kona. Dawa yake ni rahisi hadi inachosha: hoja ipelekwe kikao cha Januari hadi Machi, sherehe ifanyike Juni. Kikiwa kimepita, kuna mkutano maalum wa baraza, ambao ajenda yake ni moja na taarifa yake imetolewa mapema.

Kibao chenyewe nacho kina ufundi wake. Nguzo ya bomba la inchi 2 ikichomekwa kwenye shimo la sentimita 30 na kumwagiwa udongo, mvua moja ya masika inailaza. Shimo liwe sentimita 60, zege la moja kwa mbili kwa nne, na chini ya bomba vichomelewe vipande viwili vya nondo kwa mtindo wa msalaba ili nguzo isizungushwe na mwenye nia ya kuibeba. Bati la alumini linapendeza, ila linauzika haraka kwenye mizani ya chuma chakavu. Plastiki ngumu yenye herufi za kuakisi mwanga haina mnunuzi, kwa hiyo inadumu.

Na baada ya kibao kuna wakazi. Leo, baada ya operesheni ya anwani za makazi ya 2022, namba ya nyumba imefungwa kwenye jina la barabara na postikodi ya tarakimu 5. Ukibadilisha jina bila kubadilisha rejesta, mtaa unakuwa na majina mawili: moja kwenye mfumo, jingine kwenye bati. Mwenye duka ana leseni ya biashara yenye jina la zamani. Mwenye kiwanja ana hati yenye jina la zamani. Bodaboda na konda hawatajali lolote kati ya hayo; Barabara ya Nyerere mpaka leo wapo wazee wanaoiita Pugu Road. Ndiyo maana, kama ni lazima iwe barabara, ichaguliwe ile isiyo na jina, au mpya. Hakuna anayenyang'anywa kitu, na jina linashika kwa sababu halina la kushindana nalo.

Nilivyoanza kuandika haya nilikuwa upande wa walioking'oa kibao. Utaratibu ni utaratibu. Sasa nikiyapanga hivi kwa mstari, naona walioking'oa nao walikata kona ileile. Baraza lilikuwapo. Lingeitwa kikao maalum, likajadili, likakubali au likakataa, ikaandikwa. Barabara isiyotakiwa kuitwa Wanyama ingekataliwa na wawakilishi wa wanaoipita kila siku, kwa kura. Kilichotokea ni kwamba mgeni alialikwa, akavikwa, akavuliwa hadharani, na hakuwa ameomba. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2019, yeye na Samatta walikutana Cairo kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, wakiwa manahodha wa nchi zao, Kenya ikashinda 3-2. Sisemi kibao ndicho kilichotufunga. Michael Olunga wa Kenya alifunga mawili, Samatta lake moja.

Huko Ulaya mnakokutaja, karatasi ndiyo inayotangulia. Chukueni Denis Law. Kazaliwa Aberdeen, Uskoti, mwaka 1940, akaondoka akiwa kijana mdogo kwenda Huddersfield, akatamba Manchester United, akachukua Ballon d'Or 1964. Hakuwahi kuichezea klabu ya Aberdeen hata mechi moja ya ligi. Mji ukampa uraia wa heshima mwaka 2017, akiwa na miaka 77. Sheria ya serikali za mitaa ya Uskoti ya 1973 inataka azimio hilo lipite kwa theluthi mbili ya madiwani wanaopiga kura, na taarifa ya kikao iitaje hoja hiyo kabla. Kwa hiyo meya hawezi kuamka nayo asubuhi. Anayepewa hapati haki yoyote ya kisheria, hapati fedha wala ardhi. Manchester, chini ya sheria ya England yenye sharti la aina hiyohiyo, ilimpitisha mshambuliaji Marcus Rashford mwaka 2020 akiwa na miaka 22, na kilichomfikisha pale kilikuwa zaidi kampeni yake ya chakula cha watoto wa shule kuliko mabao.

Ila kinachonivutia Aberdeen si cheti, wala ile sanamu waliyoisimika katikati ya mji mwaka 2021. Ni kiwanja kidogo cha nyasi bandia chenye jina la Law, kwenye mtaa wa watu wa kawaida, kilichojengwa kwa mkono wa taasisi ya Johan Cruyff, yule nyota wa Uholanzi. Viwanja vya aina hiyo kwa kawaida huwa mita 42 kwa 28. Hicho kinaenea hata kwenye ua wa shule ya msingi ya Temeke.

Sisi desturi yetu ni kiwanja cha kujenga nyumba. Machi 2019, Taifa Stars ilipoifunga Uganda 3-0 na kufuzu AFCON, wachezaji waliahidiwa viwanja Dodoma. Peter Tino, aliyefunga bao kule Ndola, Zambia, mwaka 1979 tukafuzu kwa mara ya kwanza, naye akakumbukwa. Miaka 40 baadaye. Zawadi ya ardhi ni tamu kusikia, lakini ina barua ya toleo, ada zake, kodi ya pango ya kila mwaka na masharti ya kuendeleza kwa muda uliowekwa. Mchezaji asiyefuatilia anaweza kubaki na picha ya siku ya makabidhiano tu.

Kwa hiyo mimi ningependa jina la Samatta liwekwe kwenye kiwanja cha mpira Mbagala. Viwanja vikubwa vya michezo vya nchi hii tumewapa marais na wanasiasa, kuanzia Mkapa hadi Sokoine, na sina ugomvi nao, ila sioni ubaya mmoja ukipewa mtu aliyewahi kupiga mpira kwa kulipwa. Sharti ni moja: eneo lipimwe kwanza. Liwe kwenye mchoro wa mipango miji kama eneo la michezo, mawe ya mipaka yazikwe, hati iwe kwa jina la halmashauri. Bila hivyo, leo ni uwanja wa Samatta, kesho ni mnada, keshokutwa fremu za maduka zimeota pembeni na kona ya kupigia kona imeliwa. Mteremko wa sentimita moja kwa kila mita uwekwe ili maji yasilale golini. Magoli ya chuma yazikwe kwenye zege. Na kwenye bajeti ya halmashauri kiwepo kifungu cha matengenezo cha kila mwaka, hata kama ni kidogo, kwa sababu sherehe nyingi hugharamiwa vizuri na nyavu hazina anayezinunua zikichanika.

Nimesoma tena nilipoanzia, na ile hapana imelegea. Jibu langu sasa ni ndiyo, kwa masharti. Itoke Temeke. Ipite barazani kwa theluthi mbili, hata kama hakuna anayetulazimisha kufikia idadi hiyo, ili asije mtu mwaka unaofuata kusema ilikuwa ya chama fulani. Jiji, yaani Ilala, likitaka kushiriki lilete barua ya kuunga mkono. Na kama uwanja hautakuwa tayari, nilitaka kuandika kwamba basi cheti kisubiri. Siandiki hivyo, nikimfikiria Tino. Cheti kitoke, uwanja uandikwe ndani ya azimio lilelile pamoja na namba ya kitalu, na mwaka wa fedha ambao kifungu chake kitaanza.

Lile la Ubungo nalo lina kiporo. Kama lipo azimio lolote la baraza kuhusu barabara ile, la kukubali au la kukataa, lichapishwe. Kama halipo, baraza la sasa lina uwezo wa kukaa na kuliandika.