Nyoka wa shaba wa Musa alivunjwa na Hezekia

Je, nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa alidumu hadi Wababeli walipoiteka Yerusalemu? Hapana, kwa sababu mfalme Hezekia wa Yuda alikuwa amekwisha kumvunja vipande vipande. Habari hiyo imo katika 2 Wafalme 18:4, na sababu inatajwa papo hapo: wana wa Israeli walikuwa wakimfukizia uvumba. Mstari huo huniuma kila niusomapo, maana katika Hesabu 21 nyoka yule aliwekwa juu ya mti ili walioumwa na nyoka jangwani, ambao muda mfupi tu kabla walikuwa wakimnung'unikia Mungu na kuikinai mana, wamtazame na kuishi. Vizazi vya baadaye vikamsahau Mponyaji, vikaabudu chombo. Hata hivyo Mungu hakuitupa ishara hiyo ya rehema, kwani Yesu mwenyewe aliitaja alipozungumza na Nikodemo usiku, katika Yohana 3:14. Nyoka anayeonekana juu ya nguzo katika kanisa la Sant'Ambrogio, Milan, Italia, ni wa shaba pia, lakini kwa ushahidi wa Maandiko hawezi kuwa yule wa Musa.