Usitupe pakiti ya unga

Msomaji mmoja ameuliza: unga wa sembe anaotumia umetangazwa kuondolewa sokoni, lakini yeye alishaumimina kwenye ndoo, na pakiti akawashia jiko. Afanyeje?

Ndoo nzima imekwenda. Mara nyingi tangazo hutaja chapa, namba ya bechi (unga uliotengenezwa kwa mkupuo mmoja) na tarehe ya kutengenezwa, na hayo yaliandikwa kwenye ile karatasi iliyoungua. Ukifungua pakiti, kata kipande chenye maandishi hayo ukibandike kwa selotepu nje ya ndoo. Wala usimimine unga mpya juu ya wa zamani: bechi moja ikikataliwa, umepoteza zote mbili.

Kenya, chini ya alama ya ubora ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, kuna namba ya kibali. Andika SM# ikifuatiwa na namba hiyo, tuma kwenda 20023. Jibu litakuambia kama kibali ni halali, basi. Halisemi kama bechi yako ni safi, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Novemba 2019 KEBS ilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, na zilikuwa chapa za madukani tunazozijua sote. Tanzania, usalama wa chakula ulihamia TBS, Shirika la Viwango Tanzania, mwaka 2019, hivyo matangazo yatafute huko.

Sasa hoja ya "nitaupika sana." Aflatoksini, sumukuvu inayosumbua zaidi kwenye mahindi na karanga, huanza kuvunjika joto likipita nyuzi 200, na ugali hauvuki 100 kwa namna ya kusaidia. Kuchekecha hakusaidii, kuanika juani si dawa, na kuonja ni kupoteza muda kwani haina ladha wala harufu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Jicho gani litaona hilo? Tena sumu haienei sawasawa. Punje chache zilizovunda huharibu gunia, huku kikombe ulichochota upande wa pili kikipimwa na kuonekana safi.

Kukoboa hupunguza sumu kwa kuwa nyingi hukaa kwenye kiini na ganda. Lakini basi imehamia kwenye pumba, na pumba tunampa kuku! Unga uliokataliwa usimpe mfugo yeyote. Bata hufa upesi, kuku huharibika ini, na ng'ombe huitoa sumu kwenye maziwa wanayokunywa watoto. Kumuuzia mpika pombe ni kuhamishia msiba nyumba ya jirani.

Kama pakiti ipo, irudishe dukani na risiti. Kama haipo, vaa barakoa, lowesha unga kwa maji usitimue vumbi, changanya na majivu, fukia kwenye shimo refu mbali na kuku na mbwa.

Aliyekwisha kula akatapika, akavimba tumbo au macho yakawa manjano, apelekwe hospitali siku hiyohiyo pamoja na mabaki ya unga. Mashariki mwa Kenya mwaka 2004 waliugua kwa aflatoksini watu 317, wakafa 125.

Ndoo ioshwe kwa sabuni na maji moto, ianikwe mpaka ikauke kabisa. Na kile kikombe cha kupimia kilichokuwa kikikaa humo ndani, nacho.