Swali la lugha: alipigana na Waprussia, au pamoja nao?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaandaa makala fupi kuhusu Albert, mfalme wa Saksonia katika Ujerumani ya karne ya 19, na nimeandika hivi: "Mfalme Albert alipigana na Waprussia katika vita vya mwaka 1866 na vya mwaka 1870, akawa mfalme mwaka 1873." Mwenzangu anasema sentensi hii inapotosha historia ingawa miaka yote ni sahihi. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba. Mwenzako amesema kweli. Msomaji asiyeijua historia ya Ujerumani ataamini kwamba Albert alikuwa adui wa Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati huo, katika vita vyote viwili, ilhali katika vita vya pili alikuwa miongoni mwa makamanda wakuu wa upande wa Prussia.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kiambishi -an- katika "pigana" kinaonyesha kutendana: huyu anampiga yule, na yule anampiga huyu. Kwa hiyo anayetajwa baada ya "na" ndiye wa upande wa pili wa ugomvi. Tukisema "Juma alipigana na Ali", hakuna anayedhani kwamba wawili hao walisaidiana kumpiga mtu wa tatu. Kwa mwaka 1866, basi, maneno yako yanafaa kabisa. Tarehe 3 Julai mwaka huo, huko Königgrätz katika Bohemia, Wasaksonia chini ya Albert walikuwa upande wa kushoto wa jeshi la Austria, wakakilinda kijiji cha Problus dhidi ya Waprussia hadi walipolazimika kurudi nyuma. Hapo alipigana nao kwa maana kamili ya neno.

Baada ya kushindwa huko, Saksonia iliingizwa katika Shirikisho la Ujerumani Kaskazini lililoongozwa na Prussia, na vita na Ufaransa vilipozuka mwaka 1870, Albert alikuwa katika safu moja na maadui zake wa miaka minne iliyopita. Tarehe 18 Agosti, karibu na Metz, Wasaksonia wake waliwazunguka Wafaransa kwa upande wa kaskazini kupitia Roncourt, huku kikosi cha walinzi wa mfalme wa Prussia kikishambulia kijiji cha St. Privat kwa mbele na kupoteza askari wengi mno. Siku chache baadaye Albert alikabidhiwa Jeshi la Meuse, na walinzi wale wale wa Prussia wakawekwa chini ya amri yake. Ndilo jeshi aliloliongoza katika mapigano ya Sedan, nchini Ufaransa, tarehe 1 Septemba na kisha katika kuuzingira mji wa Paris. Kwa kweli, hata "alipigana pamoja na Waprussia" ni pungufu kwa mtu wa namna hii. Mimi ningeandika "aliwaongoza".

Mshirika anapohitaji kutajwa, tumia "pamoja na" au "upande wa", au mweke katika nafasi ya kiima: "Wasaksonia na Waprussia walipigana na Wafaransa." Hata hivyo, usiandike "alipigana na Waprussia pamoja na Waaustria", kwa kuwa hapo Waaustria wanaweza kuhesabiwa miongoni mwa maadui. Wengine hukimbilia "alipigania Austria", lakini "pigania" ni kupigana kwa ajili ya kitu, ama kukitetea ama kukipata, kama tunavyopigania uhuru au mali, na Albert hakuwa akigombea kuimiliki Austria. "Dhidi ya" si kosa, ila baada ya "pigana" mara nyingi halihitajiki; faida yake huonekana pale mshirika na adui wanapotajwa katika sentensi moja.

Limebaki neno "akawa". Kiambishi -ka- huunganisha tendo na lile lililolitangulia, na mara nyingi huacha hisia kwamba la pili limezaliwa na la kwanza. Sentensi yako inaonekana kusema kwamba Albert alipewa ufalme kwa sababu ya ushujaa wake vitani. Sivyo: aliurithi kutoka kwa baba yake, Mfalme Johann, aliyefariki tarehe 29 Oktoba 1873. Kwa sababu hiyo hiyo, usimwite "Mfalme Albert" unaposimulia vita hivyo, kwani wakati huo alikuwa mrithi tu.

Ningeiandika upya hivi: "Albert wa Saksonia, akiwa bado mrithi wa kiti cha ufalme, alipigana na Waprussia mwaka 1866 akiwa upande wa Austria, mwaka 1870 alipigana pamoja na Waprussia dhidi ya Wafaransa, na baadhi ya vikosi vya Prussia vilikuwa chini ya amri yake. Baba yake alipofariki mwaka 1873, Albert alirithi ufalme, akatawala hadi kifo chake mwaka 1902." Katika "akatawala", -ka- imekaa mahali pake, kwa kuwa kutawala kulifuata moja kwa moja kutokana na kurithi.