Maswali ya Wasomaji: Kiungo cha Mpira wa Petroli Kinachovuja

SWALI: Mhariri, nina injini ya boti ya Yamaha ya nguvu za farasi 40, ya mipigo miwili, niliyoinunua ikiwa imeshatumika miaka mingi. Pale mpira wa mafuta unapochomekwa kwenye injini, petroli hudondoka kila ninapobinya pampu ya mkono. Fundi alinizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli pakakauka, lakini sasa injini huzima nikiwa katika kasi kubwa, na huwaka tena nikibinya pampu. Wenzangu wanasema ninunue kabureta mpya. Je, ni kweli? Mvuvi, Kilindoni, Mafia.

JIBU: Ndugu msomaji, kabureta iache kwanza. Kudondoka kwa petroli na kuzima kwa injini kunaelekea kutoka mahali pamoja. Unapobinya pampu ya mkono, mafuta yaliyomo mpirani husukumwa, na penye upenyo hutoka nje ukayaona. Injini ikishawaka, mambo hugeuka: pampu ndogo iliyo kwenye injini huyavuta mafuta kutoka tangini, kwa hiyo upenyo uleule huanza kuingiza hewa, nawe huoni hata tone. Katika mwendo wa pole injini huvumilia kwa kuwa inakunywa kidogo, ila ukiifungulia kasi, hewa huzidi mafuta na inazima. Jambo hili ni zito kwa injini ya mipigo miwili, ambayo oili ya kulainisha husafiri ndani ya petroli yenyewe; silinda inayokosa petroli hukosa na oili, na pistoni huweza kukwaruzika hata kukwama.

Kabla ya kununua chochote, tafuta petroli inatokea wapi hasa. Boti ikiwa ufukweni na injini imezimwa, futa kiungo chote kwa kitambaa kikavu, ondoa kile kipande cha tyubu, kisha binya pampu mpaka iwe ngumu na uangalie kwa subira. Tone likijitokeza pale mpira unapoingia kwenye mdomo wa kiungo wenye meno, kosa ni la mpira au klipu yake. Likijitokeza kati ya kiungo na pini za injini, mshukiwa wa kwanza ni oringi, ile pete ndogo nyeusi iliyo ndani ya kiungo. Halafu chomoa kiungo, ukielekeze ndani ya chombo safi, ubinye tena kidogo: kiungo kisicho na hitilafu hujifunga chenyewe kinapochomolewa, kwa hiyo kikiendelea kutoa mafuta, vali yake ya springi imechoka au imeshikwa na uchafu, na hapo oringi mpya peke yake haitakusaidia.

Oringi iliyokufa huonekana: hupoteza mviringo wake ikawa bapa, hukakamaa, au huwa na nyufa ukiipinda. Itoe kwa kijiti chembamba cha mbao badala ya ncha ya bisibisi, ambayo huchora kijito inamokaa, na mchoro mmoja tu unatosha kupitisha mafuta. Nunua ya kipimo kilekile na iwe ya mpira wa naitrili, unaostahimili petroli. Ipake oili kidogo ya mipigo miwili kabla ya kuipachika. Pini za upande wa injini nazo zitazame vizuri. Ile yenye tundu ndiyo inayopitisha mafuta, na ikiwa imeliwa na chumvi, itaikata oringi mpya muda si mrefu. Ibadilishe pamoja na kiungo. Kwa maoni yangu, kiungo cha plastiki kilichopauka na ambacho kibanio chake kinacheza hakistahili kutengenezwa, kwa kuwa bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na pistoni.

Tyubu ya baiskeli haifai kwa kazi hii, hata kama inapatikana kila kibanda, kwani mpira wake huvimba na kulainika ukikaa ndani ya petroli. Silikoni ya madirisha nayo hulainika, na vipande vyake huishia kwenye chujio na kabureta.

Ikiwa kosa ni la mpira, kata ile ncha iliyopasuka ikiwa urefu unaruhusu, chovya ncha mpya katika maji ya moto ili ilainike, kisha uisukume mpaka ipite meno yote. Ikiwa mpira wote umekakamaa, nunua mwingine wa mafuta wenye kipenyo kilekile cha ndani. Fungia klipu ya chuma cha pua. Waya wa kufungia nondo hukata mpira na kuota kutu. Ukirudisha pampu ya mkono, mshale wake uelekee injini.

Kazi hii ifanyie mahali penye upepo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, na wengi wetu hupika chomboni. Jiko na sigara vikae mbali mpaka ngama itakapofutwa na kukauka. Aidha, usiache tangi juani likiwa limeunganishwa na injini huku skrubu ya hewa ya kifuniko imefungwa, kwa maana joto hujaza shinikizo tangini na kuyasukuma mafuta mpaka yapenye hata kwenye kiungo kisicho na kasoro kubwa. Ukitia nanga, chomoa mpira.

Baada ya matengenezo, fungua skrubu ya hewa, nenda kwa kasi, na mwenzako aishike pampu ya mkono. Injini ikianza kulegea na pampu ikawa imenywea kama iliyofyonzwa, kuna kizuizi upande wa tangi, aghalabu skrubu ya hewa iliyofungwa au chujio lililoziba. Pampu ya mkono ikiwa laini lakini haijanywea, na kuibinya kunaifufua injini, bado hewa inaingia mahali, au ngozi (utando mwembamba unaosukuma mafuta) ya pampu ya mafuta ya injini imechakaa. Ngozi hiyo hubadilishwa peke yake, na ni vyema ibadilishwe kabla ya mtu kugusa kabureta.