ERP ni nini hasa? Jibu la mhasibu aliyekosea nondo, nusura stoo kipa afukuzwe

Mkuu nimesoma swali lako mara mbili. Boss wako ana maduka matatu ya hadwea na godauni moja, mnaendesha kwa Excel na madaftari, sasa kasikia kwa rafiki yake habari za ERP na kakutuma wewe mhasibu uitafute "ili wezi wakome". Umeuliza ni kitu gani, ina tofauti gani na programu ya uhasibu na kama wizi kweli utaisha. Mi hilo zoezi nimelipitia mwanzo mpaka mwisho, biashara yetu inafanana na yenu kabisa, hadwea ya jumla Dar na tawi moja mkoani, kwa hiyo ntajibu kwa yale niliyoyaona. Ni ndefu, chukua chai kabisa.

Jina lisikutishe. ERP ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kupanga rasilimali za kampuni, na jina lenyewe sio la zamani sana, waliolileta ni Gartner, wale watafiti wa Marekani, mwaka 1990. Kabla ya hapo viwanda tangu miaka ya 60 vilikuwa na programu zinaitwa MRP, kazi yake kupiga hesabu tu, ukitaka kutengeneza dril 500 unahitaji skrubu ngapi na uagize lini ili zisikuishie katikati. Baadaye ikaongezwa pesa, mauzo, mishahara, ndo ikawa ERP. SAP ya Ujerumani unayoisikia ilianza 1972, vijana watano waliokuwa wameacha kazi IBM. Hiyo historia haitakusaidia godauni ila ujue tu kwamba hiki kitu kimetoka kiwandani, ndo maana kinapenda sana kujua una nini, kiko wapi na kinapimwa kwa nini.

Sasa kwa lugha ya dukani: ERP ni daftari moja ambalo kila mtu anaandika humo humo. Angalia kwenu leo mteja akija na LPO, ile karatasi ya oda, ya mabati 200. Dada wa mauzo anaandika kwenye kitabu chake, anapiga simu godauni kuuliza kama yapo, stoo kipa anaandika dilivari noti na kupunguza kwenye leja kadi yake akikumbuka, mtu wa EFD, mashine ya risiti za kodi, anatoa risiti, jioni wewe unapokea makaratasi unaingiza Excel, na kule kwenye orodha ya wadaiwa unaingiza tena. Mauzo yale yale yameandikwa mara nne mpaka tano na watu tofauti, na mwisho wa mwezi ukikuta hazilingani unakaa ofisini mpaka saa nne usiku unatafuta nani kakosea. Kwenye ERP oda inaingizwa mara moja. Mfumo wenyewe unaangalia mteja kavuka kikomo cha mkopo au bado, unaangalia stoki ya matawi yote, godauni wanaiona oda kwenye skrini yao, mzigo ukitoka stoki inapungua, invoisi inatoka, deni linaingia kwa mteja na leja yako inajiandika. Wewe mhasibu huingizi tena, unakagua. Raha yake ni hiyo na kwa kweli nisingerudi nyuma.

Programu za uhasibu kama QuickBooks au Tally nazo zina sehemu ya stoki, kwa hiyo mpaka kati yake na ERP siku hizi haueleweki vizuri. Ila zile zimeanzia kwenye pesa, mzigo unafuata baadaye. Duka moja zinatosha kabisa, usikubali mtu akudanganye. Matawi manne na mzigo unahama hama kila siku ndo zinaanza kuelemewa.

Haya, sasa niwape aibu yangu. Kabla ya kuwasha mfumo unatakiwa uingize orodha ya bidhaa zote na kila bidhaa inanunuliwa kwa kipimo gani na kuuzwa kwa kipimo gani. Nondo tunanunua kwa tani tunauza kwa moja moja, si ndio. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.66 hivi, kwa hiyo tani moja inatoa kama 94. Nikaingiza 94, safi. Halafu kwa kuwa ilikuwa usiku na bidhaa zilibaki kama mia tatu, nikakopi mstari ule nikabandika kwenye milimita 16 nikabadilisha jina tu. Nondo ya milimita 16 moja ni karibu kilo 19, tani haifiki hata nondo 53!

Ikaingia tani 5 ya milimita 16. Mfumo ukasema zimeingia nondo 470. Kule chini kwenye zege zipo 264. Lakini hakuna aliyehesabu siku hiyo, stoo kipa kapokea tani tano, kasaini tani tano, kaenda zake. Ubaya mwingine bei ya kununulia ya tani ikagawanywa kwa 94 badala ya 53, kwa hiyo kwenye ripoti nondo moja ikaonekana tumeinunua kama nusu bei na faida yake imepaa, boss anafurahi, vijana wa mauzo wanaona hapa kuna nafasi wanaanza kutoa punguzo kwa mafundi, milimita 16 ikawa inatoka kama njugu na kumbe kuna zilizouzwa chini ya bei tuliyonunulia. Mwisho wa mwezi tunahesabu, upungufu nondo 206. Boss akasema unaona sasa, mfumo umemuumbua mwizi. Stoo kipa, mzee wa watu ana miaka kumi na moja pale, akaambiwa akae nyumbani. Siku tatu. Siku ya nne ndo mimi nikaichukua nondo moja nikaiweka kwenye mizani...

Nimeeleza kirefu makusudi, maana kazi ya ERP kwa asilimia kubwa ndo hii na wauzaji wa mifumo hawakuonyeshi. Wao wanakuja na projekta, grafu za rangi, boss anaona mauzo ya leo kwenye simu akiwa kitandani. Hawakuonyeshi kwamba kwenye Excel yenu kuna "Bati geji 28", "BATI G28 3M", "bati 28" na "mabati g.28 mita tatu" na yote ni bati moja, na ukiingiza hivyo hivyo utakuwa na bidhaa nne, moja ina stoki hasi 60 na nyingine ina mabati 60 ambayo hayapo. Sisi kusafisha orodha tu ilituchukua wiki saba. Misumari ndo usiseme, katoni, kilo, na kuna duka walikuwa wanauza kwa kopo.

Kosa letu la pili ni muda. Tuliwasha Julai, mvua zimekata, watu wote wanajenga, foleni mpaka barabarani na dada wa mauzo bado anatafuta kitufe cha kusevu. Baadaye nikaja kusoma kwamba hata wakubwa yamewakuta, Hershey wale wa chokoleti Marekani mwaka 1999 waliwasha mifumo yao mipya Julai wakati oda za Halloween ndo zinaingia, wakashindwa kupeleka oda za karibu dola milioni 100, na chokoleti ipo godauni! Kwa hiyo wasubirini masika ndo muwashe, na wiki mbili tatu za mwanzo mwende na daftari sambamba, watu watalalamika, waache walalamike.

Kuna kitu boss wako atataka kufanya, nakwambia mapema. Atasema mfumo ubadilishwe ufuate tunavyofanya sisi. Vingine sawa, muonekano wa invoisi na hivyo vitu. Lakini ukianza kuupinda kwenye mifupa unalipia kila likitoka toleo jipya. Lidl, supamaketi za Ujerumani, walihangaika na SAP miaka saba, wakaja kuachana nayo 2018 baada ya kutumia kama yuro milioni 500, na moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba wao walizoea kuhesabu thamani ya stoki kwa bei ya kununulia, mfumo ulitengenezwa kwa bei ya kuuzia, wakaona bora mfumo upindwe kuliko wao wabadilike. Wewe huna hizo yuro.

Bei siwezi kukutajia maana inategemea na yuza wangapi. Kuna ERP kama Odoo toleo la komyuniti na ERPNext, leseni yake ni bure, ila bure ya kwenye karatasi, utamlipa anayekufungia, seva au klaudi, mafunzo, na matengenezo kila mwaka. Muulize anayekuuzia mambo mawili kabla hata ya bei. Moja, akuonyeshe mteja wake anayetoa risiti za TRA, watu wa kodi, moja kwa moja kutoka kwenye mfumo, kwa macho yako, sio kwa maneno, la sivyo utajikuta unaandika invoisi kwenye ERP halafu unaandika tena kwenye mashine ya EFD, sasa hapo umeokoa nini. Mbili, intaneti ikikata dukani mnauzaje?

Kuhusu wizi. Mfumo unakuonyesha tofauti, haukuonyeshi mwizi, na tofauti inaweza kuwa mhasibu kama mimi. Wizi wa kweli tulioupata ulikuwa sehemu hatukuitarajia, kijana wa mauzo anauza keshi, mteja akiondoka na mzigo anaingiza kwamba mteja karudisha bidhaa, pesa anaweka mfukoni. Tulimpata kwa sababu tu tulikuwa tumekataa watu kushea paswedi, kwa hiyo jina na saa vipo pale, na marejesho ya sementi saa moja kasoro usiku kila Ijumaa yakatia shaka. Kama wote mtaingia kwa paswedi ya boss msijisumbue kununua.

Yule mzee wa stoo alirudi kazini, nilimwomba radhi mbele ya boss na alinisamehe. Ila mpaka leo nikishuka godauni na laptopu lazima aniulize mbele ya wapakiaji, mhasibu, leo tani ina nondo ngapi?