Boma la Tabora siyo alikokaa Livingstone

Ukisikia kwamba Livingstone, yule mpelelezi na mmisionari Mskoti, alilala kwenye Boma la Wajerumani, ile ngome ya Tabora, jibu ni hapana. Alifariki 1873, na Wajerumani walimshinda Mtemi Isike, mtawala wa Wanyamwezi wa hapa, Januari 1893, kwa hiyo boma ni la baada yake. Livingstone na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, walikaa Kwihara mwaka 1872, kwenye tembe (nyumba ya udongo yenye paa bapa), kama kilomita 6 kutoka mjini.

Boma lina wanajeshi, usipige picha hata ukiwa barabarani. Simu inaweza kuchukuliwa na siku yako iishie hapo. Litazame kwa macho tu, usonge mbele.

Tembe ndiyo ya kuingia. Chukua bodaboda mkielewana bei ya kwenda na kurudi pamoja na kusubiri, maana ukimwachia aondoke, pikipiki ya kurudi utaitafuta sana. Masika barabara ya vumbi inateleza, nenda asubuhi. Ukifika anza na mlango wa nakshi, halafu inua macho: paa ni bapa, magogo yamebeba udongo mzito, ndiyo maana kuta ni nene vile. Jengo lililopo lakini limejengwa upya, siyo udongo uleule wa 1872.