Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kuchapisha

Maswali mengi niliyopokea safari hii yanahusu kuchapisha, na machache mno yanahusu kusoma, jambo ambalo halinishangazi tena. Nimechagua machache, mengine kwa sababu ni mazuri, mengine kwa sababu yamenichosha.

Ninauza vipuri vya magari Kariakoo. Nafunga duka saa moja usiku na kufika Mbagala karibu saa tatu. Natamani kuandika riwaya lakini muda sina. Nifanye nini?

Ndugu yangu, Shaaban Robert aliajiriwa katika idara ya forodha mwaka 1926, akakaa huko hadi mwaka 1944, kisha akaendelea na ukarani katika ofisi nyingine za serikali ya kikoloni. Mtu tunayemwita baba wa fasihi ya Kiswahili alikuwa mwajiriwa aliyeandika baada ya saa za kazi, kama utakavyoandika wewe. Sikwambii uandike riwaya ukiwa umening'inia mlangoni mwa daladala. Nakwambia kwamba unayo mali ambayo waandishi wengi wa umri wetu hawana, nayo ni kaunta yako. Yule mteja anayekuja na kifaa kibovu kilichofungwa katika gazeti, akaifuta grisi kwa kidole gumba ili asome namba, akauliza bei, akaguna, kisha akaenda duka la jirani na kurudi baada ya robo saa akijifanya ndiyo kwanza anafika, huyo ni mhusika kamili. Mwandike usiku huohuo, nusu ukurasa tu, na kesho umwandike fundi aliyemtuma, ambaye bila shaka ana chake katika bei hiyo. Kurasa zikishakuwa nyingi, utaanza kuona nani anamdanganya nani, na hapo riwaya itakuwa imeanza. Muda wa safari utumie kusoma, na si kusoma vitabu vya namna ya kufanikiwa maishani pekee, maana hivyo vimejaa mitaani na havijamfundisha mtu yeyote kuandika mazungumzo.

Naomba PDF ya riwaya zote za kidato cha tatu na cha nne.

Hapana. Swali hili huja kila juma, na walio wengi hawasemi hata tafadhali. Kusambaza kitabu cha mtu bila idhini yake ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na linalonikera zaidi ni kwamba wanaoniomba ni walewale wanaoniuliza, mwezi unaofuata, kwa nini waandishi wa Kiswahili ni maskini. Maktaba Kuu ya Taifa ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, tangu mwaka 1967. Nenda.

Mhariri wa gazeti amenirudishia shairi akisema mizani haikukaa sawa. Je, vina na mizani si mambo ya wazee?

Ugomvi wa mashairi huru ulipamba moto miaka ya 1970, na leo hakuna anayekukataza kutunga bila vina. Tatizo lako, dada, ni kwamba umetuma tarbia: beti za mishororo minne, kila mshororo vipande viwili, kila kipande mizani 8, yaani silabi 8. Ukishachagua bahari hiyo, yaani aina hiyo ya shairi, umekubali hesabu yake. Tazama kipande chako cha kwanza, "Mvua yanyesha mtaani". Herufi *m* ya mvua haisimami peke yake kama silabi, hivyo neno hilo lina mizani 2. *M* ya mtaani inasimama, hivyo lina mizani 4. Pamoja na 3 za yanyesha unapata 9. Jambo hili hugunduliwa kwa kusoma kwa sauti huku ukihesabu kwa vidole, na mtu aliyekwisha kuyasoma mashairi mia ya kimapokeo hahitaji hata vidole. Ukitaka kuivunja kanuni, ivunje kwa kujua. Mhariri huitambua tofauti upesi kuliko unavyodhani.

Mama yangu anasema uandishi haupeleki ugali mezani. Nimjibuje?

Mpe shikamoo yake na umwambie amesema kweli. Mrabaha, yaani malipo ya mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, mara nyingi huwa karibu asilimia 10 ya bei ya kitabu, na kitabu chenyewe hakinunuliwi sana. Usiache kazi. Kwa kuwa hukuniuliza, nikuongezee onyo: anayekutaka ulipe ili kitabu chako kitoke ni mpiga chapa, hata kama kadi yake imeandikwa mchapishaji. Mlipe ukipenda, lakini ujue unanunua karatasi na wino, na kwamba mabunda ya nakala yatalala chini ya kitanda cha mama huyohuyo. Mkataba wowote usomwe hadi mwisho, hasa pale panapotaja muda wa haki na tafsiri.

Je, niandike kwa kalamu au kwa simu?

Vyovyote.

Nimemaliza riwaya ya kurasa 300. Sijawahi kusoma riwaya yoyote kwa sababu sitaki kuiga. Nani anaweza kunihariria?

Aliyekwambia kwamba kusoma kunaharibu upekee amekudanganya. Asiyesoma ndiye anayeiga kuliko wote, maana hajui kwamba binti maskini aliyependwa na mtoto wa tajiri, na barua iliyochelewa, na ajali inayomaliza ubishi katika sura ya mwisho, vimekwisha kutumiwa na wengi kabla yake. Sitakutajia mhariri, kwa kuwa utamlipa akufanyie kazi iliyo yako. Weka mswada kabatini, soma riwaya tano za Kiswahili za waandishi watano tofauti, kisha utoe mswada huo uusome mwenyewe kwa sauti, ukiwa na kalamu nyekundu mkononi. Zikibaki kurasa 300, niandikie tena.